Prosesa ya Kishikwambi kwa Asiyecheza Gemu

Muuzaji atakuonyesha ukubwa wa kioo, atakutajia GB, na kava atakupa la bure. Prosesa haitajwi mpaka uiulizie mwenyewe. Nayo ndiyo ya kuulizia mapema, maana chaja ikifa utanunua nyingine, kioo kikipasuka fundi yupo, nafasi ikijaa utachomeka memori kadi, lakini prosesa uliyoondoka nayo dukani utaishi nayo mpaka mwisho. Habari njema ni kwamba kwa mtu wa WhatsApp, YouTube, PDF, Zoom na kazi za Word, prosesa ya kutosha si ghali. Ujue tu pa kutazama.

1. Zipime kazi zako kwanza

Video inaonekana nzito, kumbe kwa prosesa ni kazi nyepesi. Ndani ya chipu kuna sehemu maalumu ya kuifungua, ndiyo maana hata kishikwambi cha bei ya chini kinacheza YouTube bila shida. Kinachokitoa jasho ni tovuti za habari zilizojaa matangazo, PDF ya kitabu kizima kilichopigwa skani, na Zoom huku umefungua notisi pembeni. Kama hizo ndizo siku zako, soma namba 3 kwa makini.

2. Usihesabu viini, uliza ni vya aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Boksi limeandikwa viini vinane (octa-core), mnunuzi anaridhika, kumbe vyote vinane ni Cortex-A53, muundo ambao kampuni ya Arm iliutangaza mwaka 2012. A53 inatekeleza maagizo kwa foleni kali: la mbele likisubiri data, yote ya nyuma yanasimama. Viini vikubwa kama Cortex-A75 na A76 vinachungulia foleni nzima, vinachukua agizo lililo tayari na kuendelea na kazi. Tofauti hiyo unaiona kwa macho. Kwenye kishikwambi cha A53 unagusa sehemu ya kuandikia, kibodi inachelewa kupanda, unaandika "Shikamoo mama" na herufi zinatokea kwa mafungu baada ya vidole vyako kumaliza.

Wingi wa viini haukuokoi, kwa kuwa kufungua ukurasa mmoja wa tovuti ni kazi ambayo sehemu yake kubwa inabebwa na kiini kimoja. Ni kama kumenya kitunguu kimoja: hata mkiwa wanane jikoni, kisu anashika mmoja. Tafuta prosesa yenye angalau viini viwili vikubwa, A73 au A75 kwenda juu. Vidogo vya A53 au A55 viwepo vya kubeba kazi za chinichini, kama kupokea meseji wakati kioo kimezimwa.

3. Majina ya kwenda nayo dukani

Yaandike kwenye simu kabla hujashuka kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue.

Za kukwepa: Allwinner A133, MediaTek MT8168 na Helio P22T. Zote zina viini vya A53 tupu, viwe vinne au vinane. Mtoto wa kuangalia katuni atavumilia. Wewe mwenye kazi utachoka nazo mapema.

Za kutosha ukiwa na subira: Unisoc T606, Helio G85, Snapdragon 680. Hizi zinasoma, zinaandika, zinapiga simu ya video. Utaanza kuhisi uzito ukifungua mambo matatu kwa pamoja.

Za kununua kwa amani: Helio G99 na Snapdragon 695. G99 ina viini viwili vya A76 na sita vya A55, na imetumika kwenye Redmi Pad ya 2022 na Galaxy Tab A9 ya 2023. Snapdragon 695 yenye viini viwili vya A78 utaikuta kwenye Galaxy Tab A9+. Herufi G kwenye Helio MediaTek waliiweka kuwavutia wacheza gemu, isikutishe. Ukiniuliza prosesa moja tu kwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au mtu wa ofisi, nitakujibu G99 bila kusita.

Kwa upande wa Apple, hata A13 ya iPad ya kizazi cha 9, iliyotoka 2021, bado ina nguvu kuzidi nyingi kati ya hizi. Ila iPad haina tundu la memori kadi, kwa hiyo ya mtumba yenye GB 64 ipige hesabu vizuri.

4. Nanomita zina maana, GHz si sana

GHz ni kasi ya kiini, lakini GHz 2.0 ya A53 haifikii GHz 2.0 ya A76, kwa hiyo namba hiyo usiilinganishe kati ya viini vya aina tofauti. Nanomita, kipimo cha teknolojia iliyotengenezea chipu, zitazame: T606 na G85 ni za nanomita 12, G99, 680 na 695 ni za 6. Chipu ya nanomita 6 kwa kawaida inakula umeme kidogo kwa kazi ileile na haichemki haraka. Anayeishi kwenye mgao wa umeme ataiona faida hiyo, ingawa mlaji mkubwa wa chaji bado ni kioo.

5. RAM ya kuazima si RAM

Prosesa nzuri yenye RAM ndogo inakabwa koo. Anzia GB 4, na ukipata 6 au 8 usiziache. Ukiona tangazo la "GB 12" uliza ni 4+8 au ni 12 halisi. Hiyo 8 ya pili inaazimwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM ya kweli. Hifadhi yenyewe nayo ina madaraja: UFS inasoma na kuandika haraka kuliko eMMC, na vishikwambi vingi vya bei ya chini ni eMMC.

6. Kijaribu kabla hujalipa

Omba kiunganishwe na intaneti, kisha pakua CPU-Z kutoka Play Store. Itakutajia aina ya viini. Usitegemee ukurasa wa mipangilio peke yake, kwani kwenye vishikwambi bandia taarifa zake hubadilishwa. Boksi likisema A76 na CPU-Z ikasema A53, rudisha mezani na uondoke.

Halafu fanya jaribio hili: anza kupakua programu mbili kubwa kwa pamoja, na zinapojisakinisha fungua Chrome uandike sentensi ndefu. Hapo prosesa na hifadhi zote zimebanwa. Herufi zikifuata vidole vyako, chukua.

Mpenzi wa Netflix aangalie na daraja la Widevine, mfumo wa kulinda video, kwenye mipangilio ya Netflix yenyewe. L1 ndiyo inayoruhusu picha ya HD. L3 haikupi, hata prosesa iwe na nguvu kiasi gani.

7. Ukifika G99, hela iliyobaki ipeleke kwingine

Kioo cha 1920 kwa 1200 badala ya 1280 kwa 800 utakifaidi kila ukifungua kitabu, kwa sababu maandishi madogo ya PDF yanasomeka bila kuyavuta. Ahadi ya masasisho ya usalama nayo ina thamani kwa mtu mwenye programu ya benki humo ndani. Wanaohitaji kupanda juu zaidi, kwenye Snapdragon za daraja la 8 au M za Apple, ni wahariri wa video, wachoraji wa kalamu wenye matabaka mengi, na anayetaka kuunganisha kishikwambi na skrini kubwa kifanye kazi ya kompyuta siku nzima.