Dondoo muhimu: Ukikwama kwenye kazi ya ngazi ya chini

Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, lakini ofisi zake ni chache. Karani wa masijala anaweza kukaa meza ileile miaka na miaka, si kwa uvivu, bali kwa kukosa nafasi ya kupanda.

Anza kwa ofisa utumishi. Omba kuusoma Muundo wa Utumishi wa kada yako, uone ngazi inayofuata inadai nini. Mara nyingi kinachokuzuia ni cheti, wala si bosi. Chuo Kikuu Huria kina kituo Sumbawanga; Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mbeya. Kabla hujalipa ada, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi na nakala yako igongwe mhuri. Nalisisitiza hili kwa sababu anayesoma kimyakimya hupata taabu kubwa akija kuomba kubadilishiwa kada.

Fundi uliyejifunzia kazini, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi.

Na wewe wa dukani au ghalani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na cheti cha utumishi unapoondoka. Vidai. Weka pia daftari lako: tarehe, magunia ya mahindi yaliyoingia, uzito wa mizani, yaliyotoka, salio. Nenda nalo kwenye usaili.

Na kwa yeyote anayetaka kazi serikalini: wasifu wako kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi hizo, uwe kamili mapema, maana matangazo hayakai wazi muda mrefu.