Kabla ya kuacha dawa ya sukari, uliza nambari hiyo ni ya nini

Mama mmoja wa Ishiara alinijia siku moja akiwa na furaha tele. Daftari lake lilikuwa na nambari mbili. Ya kwanza, aliyoandikiwa katika kliniki moja mjini, ilikuwa 180. Ya pili, aliyoipata kwa mashine ndogo ya mwanawe, ilikuwa 11. Zote zilipimwa asubuhi kabla ya kula. "Daktari, sukari imekwisha," akaniambia. Alikuwa amekaa wiki mbili bila kumeza dawa.

Sukari haikuwa imekwisha. Kliniki ilipima kwa miligramu katika desilita moja ya damu, nayo mashine ya mwanawe ilipima kwa milimoli katika lita moja. Ukitaka kugeuza kipimo cha pili kiwe kama cha kwanza, zidisha kwa 18. Basi 11 ni sawa na 198. Mashine za nyumbani hukosea kidogo, kwa hivyo tofauti ya 180 na 198 isikutishe sana. Lakini kushuka, haikushuka hata kidogo.

Kilo au gorogoro?

Sokoni hatufanyi kosa hili. Muuzaji mmoja wa ndengu akisema ana ishirini na mwenzake ana kumi, utauliza mara moja: ishirini nini? Kilo au gorogoro? Mbona basi hospitalini tunaamini nambari isiyo na jina?

Hata jina la kipimo pekee halitoshi. Nambari ya sukari huwa na maana ikiwa imejibu maswali matano:

1. Nini kilipimwa? Sukari ya damu nzima si sawa na ile ya maji ya damu, yaani plazma. Ya plazma huwa juu kwa kiasi cha asilimia 11.
2. Kwa kipimo gani: milimoli au miligramu?
3. Kwa chombo gani: mashine ya kidole au maabara?
4. Lini: kabla ya chakula au baada yake?
5. Nani alipimwa, na alikuwa katika hali gani? Mja mzito ana viwango vyake.

Kamusi ya kompyuta

Mimi naweza kumwuliza mgonjwa maswali hayo. Kompyuta haiwezi kukisia. Ikipewa 180 na 11 itachora mstari unaoteremka, na daktari mwenye haraka atafurahi kama yule mama. Ndiyo sababu wataalamu wametunga kamusi za pekee ambazo huitwa ontolojia. Kamusi hizi haziorodheshi maneno tu. Huieleza kompyuta kila kitu ni nini na kina uhusiano gani na kingine: kwamba glukosi ni aina ya sukari, kwamba plazma ni sehemu ya damu, kwamba kipimo hiki chaweza kugeuzwa kuwa kile, na kwamba sukari ya mkojo isichanganywe kamwe na ya damu.

Kamusi ya vipimo vya maabara iitwayo LOINC ilianzishwa Marekani mwaka wa 1994. Humo, sukari ya damu, ya plazma na ya mkojo kila moja ina nambari yake. Mwaka wa 2017 shirika la W3C, pamoja na lile la OGC, lilitoa utaratibu wa vyombo vyote vya kupimia, kuanzia kipimajoto hadi setilaiti. Utaratibu huo hutenganisha chombo, kitu kilichopimwa, sifa yake, njia, wakati na jibu. Ukiyatazama vizuri, ni yale maswali yetu matano.

Hapa Kenya hatukuachwa nyuma. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta mwaka wa 2001. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mfumo wa OpenMRS, ambao sasa hutumika katika nchi nyingi. Moyo wake ni kamusi ya dhana: kila jibu linalowekwa lazima liwe na maana iliyokubaliwa.

Mvua na malaria

Faida yake haiishii kwa mgonjwa mmoja. Ishiara ni sehemu ya joto, na vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu panapokuwa na joto. Chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, vile vya aina hatari zaidi havikui. Tukitaka kujua ni wiki ngapi baada ya mvua wagonjwa huongezeka, lazima tuunganishe takwimu za mvua, joto na zahanati.

Hapo ndipo penye mtego. Chombo cha mvua hupima mahali kilipo, ilhali setilaiti hukadiria eneo pana. Zahanati moja huandika "malaria" kwa kila mwenye homa, nyingine kwa aliyepimwa tu. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Ukilinganisha miaka ya kabla na ya baada bila kujua hilo, utadhani malaria imepungua kumbe ni maana ya neno iliyobadilika. Na dawa na vyandarua hupelekwa kwa kufuata takwimu hizo.

Wewe ufanye nini?

Nunua daftari moja, ulibebe kila uendako. Andika tarehe, saa, kama umekula, chombo kilichotumika, na kipimo chenyewe kwa jina lake kamili. Ukipata nambari ya ajabu, rudia kupima, kisha umwone daktari. Usiache dawa kwa sababu ya nambari peke yake.

Yule mama alirudia dawa zake siku hiyo hiyo. Sasa kila nambari katika daftari lake ina jina pembeni, na mwanawe ndiye karani.