Volkano Katika Jangwa la Danakil

Kaskazini-mashariki ya Ethiopia liko jangwa liitwalo Danakil. Sehemu zake nyingine ziko zaidi ya meta 100 chini ya usawa wa bahari, na joto lake ni kali mno. Humo umesimama mlima wa volkano uitwao Erta Ale, wenye kimo cha meta 613 hivi.

Mahali hapo ganda la dunia linatanuka na kupasuka. Miamba iliyoyeyuka hupanda kutoka chini kwa kupitia nyufa hizo. Ikifika juu ya ardhi huitwa zaha. Zaha ikipoa huwa mwamba mweusi, na gesi zinazotoka ndani yake huacha vitundu vingi. Kwa kuwa jangwani mimea ni michache, miamba hiyo huonekana wazi.

Aendaye kuichunguza hana budi kujihadhari. Zaha iliyoganda juu tu yaweza kuvunjika chini ya miguu yake, na gesi zenye salfa humdhuru azivutapo. Kwa hiyo wataalamu huongozwa na Waafar, wenyeji wa jangwa hilo, ambao wanazijua njia.

Jaribio

Tia uji wa moto katika bakuli. Uache upoe bila kuukoroga. Kisha bonyeza juu yake kwa kijiko. Unaona nini? Juu pana utando. Chini uji ungali moto. Zaha nayo huanza kupoa juu.

Maswali

1. Zaha ni nini?
2. Vitundu vya mwamba wa volkano hutokana na nini?
3. Kwa nini ni hatari kukanyaga zaha iliyoganda juu tu?