Somo la Ufundi: Gari Kuukuu Linapokataa Kuwaka au Kukosa Nguvu Mlimani

Wakulima na wafanyabiashara wengi wa Taita Taveta bado wanategemea pikapu na magari ya zamani yenye kabureta: Toyota, Datsun, Peugeot 504 na mengineyo. Gari la aina hii likikataa kuwaka alfajiri ya siku ya soko, mboga hunyauka na mteja huenda kwa mwingine. Likikosa nguvu kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko mboga, kwa sababu lori linalokuja nyuma halina mahali pa kukwepea.

Somo hili ni la wenye magari, madereva, na vijana wanaojifunza umekanika katika vyuo vya ufundi. Lengo lake ni moja: pima kwanza, nunua baadaye. Pesa nyingi hupotea kwa kubadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kosa.

Injini inahitaji nini?

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne: cheche yenye nguvu, petroli, hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Tena vyote lazima vikutane kwa wakati unaofaa. Kimoja kikikosekana, gari haliwaki. Kimoja kikiwa dhaifu, gari huwaka lakini halivuti.

Kabla ya kugusa chochote, weka gea huru, vuta breki ya mkono na weka kigingi kwenye gurudumu. Usivute sigara wala kutumia mshumaa kumulika. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una gesi inayoua bila kunuka.

Sehemu ya kwanza: Gari haliwaki

Hatua ya 1: Sikiliza stata. Ikilia "tk" tu au ikizunguka kwa uvivu, anza na betri. Safisha vichwa vya betri, kaza waya zake, na usisahau waya wa athi unaofungwa kwenye bodi. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Wakati stata inazunguka, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikiwaka, chaji inatakiwa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.4.

Hatua ya 2: Angalia cheche. Stata ikizunguka vizuri na gari haliwaki, chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi, kisha laza chuma chake juu ya injini mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Usishike plagi wala waya kwa mkono. Umeme wa koili hufikia maelfu ya volti. Cheche ya buluu inayosikika ni nzuri. Cheche ya njano, nyembamba, ni dhaifu.

Cheche ikikosekana, fungua kifuniko cha distribyuta. Asubuhi za ukungu milimani, unyevu peke yake unatosha kuzima gari. Kipanguse kwa kitambaa kikavu ndani na nje. Tafuta ufa, na uangalie kama rota imeungua. Kwa gari lenye pointi, nafasi yake ikiwa wazi kabisa huwa kati ya milimita 0.4 na 0.5 kwa injini nyingi. Pointi mpya zikiungua upesi, shuku kondensa.

Kama waya za plagi ziling'olewa, hakikisha zimerudi mahali pake. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Lakini angalia: Toyota huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa feni, ilhali Peugeot 504 huhesabu kutoka upande wa flaiwili. Mafundi wengi wamepoteza siku nzima hapo.

Hatua ya 3: Angalia petroli. Injini ikiwa imezimwa, toa kifuniko cha chujio la hewa na utazame ndani ya kabureta huku mwenzako akikanyaga akselereta. Petroli inapaswa kuruka kama mkojo wa sindano. Ikikosekana, rudi nyuma hatua kwa hatua: bakuli la kabureta, chujio la petroli, pampu, paipu, tangi. Usinyonye petroli kwa mdomo.

Hatua ya 4: Mgandamizo. Cheche na petroli vikiwa vizuri, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi.

Sehemu ya pili: Gari linawaka lakini halivuti

Dalili hizi zitakuonyesha pa kuanzia.

Ukikanyaga akselereta, injini inasita kidogo kisha inashika: pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta haimwagi petroli, au mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta umepasuka.

Tambarare gari ni zuri, mlimani linakatakata: chujio la petroli limeziba, pampu ni dhaifu, au cheche haitoshi. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo huongezeka na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka. Kwa hiyo waya mbovu hujificha tambarare na kujitokeza mlimani. Fungua boneti gizani, injini ikinguruma, utazame bila kugusa. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya, umeme unavuja.

Moshi mweusi na harufu ya petroli: chujio la hewa limejaa vumbi, choki imekwama, au jeti ni kubwa mno. Kumbuka kwamba hewa ya milimani ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa, kando ya bahari, huweza kuwa na petroli ya kuzidi kule juu.

Injini inagonga ikipanda: cheche inakuja mapema mno, au petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Cheche ikichelewa, injini hupata moto na kuwa nzito. Rekebisha kwa taa ya kupimia na alama za injini, si kwa kubahatisha.

Injini inanguruma kwa kasi lakini mwendo hauongezeki: hapo si cheche wala petroli. Klachi inateleza.

Gurudumu moja ni la moto kuliko mengine: breki imeshika.

Pia isome plagi. Rangi ya kahawia au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi wenye oili ni injini kula oili. Nyeupe kabisa ni joto kupita kiasi au petroli haba.

Mfano wa kujifunzia

Mkulima ana pikapu inayopanda mlima kilomita chache kisha inazimika. Akingoja dakika kumi, inawaka tena. Anaambiwa koili inachemka, ananunua koili. Haiponi. Ananunua plagi na pampu. Bado.

Afanyeje? Apime wakati ule ule gari linapozimika, si baada ya kupoa. Anajaribu cheche: ipo, tena ya buluu. Basi koili haina kosa. Anafungua kofia ya tangi: inavuta hewa kwa mlio wa "fss", na gari linawaka papo hapo. Kumbe alikuwa ameweka kipande cha mpira chini ya kofia ili petroli isimwagike kwenye barabara mbovu. Mpira uliziba tundu la kupumulia. Petroli ilipopungua, hewa haikuingia kuchukua nafasi yake, na pampu ikashindwa kuvuta. Dawa ni kutoa mpira ule na kutafuta kofia inayofaa gari lake.

Ukikwama barabarani

Sogeza gari pembeni mapema, likiwa bado lina mwendo. Teremsha abiria upande ulio mbali na magari. Weka pembetatu za tahadhari mbali vya kutosha, kabla ya kona. Ukizuia gurudumu kwa jiwe, liondoe barabarani unapoondoka. Jiwe lililoachwa usiku limeangusha waendesha bodaboda wengi.

Maswali ya kujipima

1. Stata inazunguka kwa nguvu, cheche ni ya buluu, gari haliwaki. Utaangalia nini kinachofuata?
2. Kwa nini waya mbovu wa plagi huonekana mlimani zaidi kuliko tambarare?
3. Gari huzimika likipata moto. Ni kipimo gani kitatenga koili na petroli?

Majibu: (1) Petroli kwenye kabureta, kisha mgandamizo. (2) Mzigo huongeza mgandamizo, na cheche huhitaji volti zaidi. (3) Kupima cheche saa ile ile gari linapozimika.

Kata somo hili ulibandike gereji au ulitie ndani ya gari. Na fundi akikuambia ununue kipuri, muulize kwa upole: "Umepima nini?"