Robo Saa ya Mtoto ni ya Baba na Mama



Katika nyumba nyingi mambo ya mtoto wa nasari yamegawanywa hivi: baba hulipa karo, na mama huona mengine yote. Mama ndiye anayekaa na mtoto anapofinyanga udongo. Mama ndiye anayetafuta vizibo vya soda mwalimu anapovitaka. Baba akibisha hodi jioni, mtoto huambiwa akusanye vitu vyake upesi ili baba apumzike. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Hata hivyo, mtoto wa miaka minne anajifunza jambo ambalo hakuna aliyetaka kumfundisha, yaani kazi ya mikono yake ni takataka baba anapofika.

Mwezi huu tuzungumze juu ya kazi ndogo ndogo za mikono ambazo mtoto ambaye hajaingia darasa la kwanza anaweza kufanya nyumbani. Wengine watauliza, "Je, hilo ni jambo la ukurasa wa ndoa?" Ndiyo, kwa sababu mume na mke wanaweza kujengana au kuvunjana juu ya boksi la kiberiti na vizibo vinne.

Mikono hutangulia kalamu

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza kwa kushika, kugeuza, kumwaga na kupanga. Wazazi wengi wana haraka ya kuona ameandika. Humpa kalamu na kumwambia ajaze ukurasa mzima, na vidole vyake bado havina nguvu. Mtoto huchoka, hulia, na huanza kuchukia daftari kabla hajalijua. Kufinyanga, kurarua karatasi, kutunga vitu kwenye uzi, kufunga na kufungua vifungo vya shati, hayo yote yanatayarisha vidole kwa ajili ya kalamu.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, wageni wakampigia makofi. Umwambie, "Nipe maharagwe matano," atakupa konzi nzima. Ameshika wimbo, bado hajashika hesabu. Hesabu ataipata akiwa na vitu mkononi.

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikira za watoto, alieleza jambo ambalo mnaweza kulijaribu mezani kwenu. Panga vizibo 6 kwa safu, na chini yake vizibo 6 vingine vikielekeana na vile vya juu. Mtoto atasema viko sawa. Sasa, yeye akitazama, tenganisha vizibo vya safu moja mpaka iwe ndefu. Watoto wengi wa miaka minne watasema safu ndefu ndiyo yenye vingi. Usimcheke wala usimwite mjinga. Ndivyo akili ya umri huo inavyoona, na itakua kwa kushika na kupanga mara nyingi, si kwa kupigwa.

Kazi hii ni ya nani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mtaguso ulisema wazazi, haukusema mama peke yake. Nasi tukisoma Injili tunaona kwamba Mathayo (13:55) anamtaja Yesu kuwa mwana wa seremala, naye Marko (6:3) anamtaja kuwa seremala. Kijana wa Nazareti alikuwa na kazi ile ile ya mlezi wake Yosefu. Baba anayesema kwamba kukaa chini na mtoto na kutengeneza kitu kunampunguzia heshima, na aitazame nyumba ile.

Kazi tano za kuanzia

Hakuna haja ya kununua vitu vya duka. Robo saa inatosha, maana mtoto wa umri huu huchoka upesi. Afadhali robo saa mara tatu kwa juma kuliko saa tatu siku moja kwa mwaka.

1. Kufinyanga. Tumieni udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, uliochambuliwa mawe na vigae. Kama mnakaa mjini na udongo hakuna, changanyeni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kupikia, na maji karibu kikombe 1, mkiyatia kidogo kidogo mpaka donge lisishike mikono. Likifungwa vizuri katika kopo litakaa siku kadhaa. Lisiliwe, kwa kuwa lina chumvi nyingi. Mtoto afinyange nyoka mrefu na mfupi, sahani na mayai matatu ya kuku. Mzazi ataje maneno: nene, nyembamba, kubwa kuliko.

2. Kuchambua nafaka. Mama anapochagua maharagwe ya kupika, mpe mtoto konzi moja ya maharagwe yaliyochanganywa na mahindi, na vikombe viwili. Atenge haya huku na yale kule. Kisha muulize, "Wapi kuna nyingi?" Msitumie mbegu za kupanda za dukani, zile zilizotiwa rangi, maana rangi hiyo huonyesha zimetiwa dawa, nayo ni sumu.

3. Gari la boksi. Chukueni boksi tupu la dawa ya meno au pakiti ya maziwa iliyooshwa, vizibo vinne na vijiti viwili vilivyonyooka. Baba atoboe vizibo kwa msumari, na kuzipiga kingo zenye ncha zilale. Mtoto apitishe vijiti na kuvika magurudumu. Likiegemea upande mmoja, msikimbilie kulinyoosha. Muulizeni, "Kwa nini linapinda?" Swali hilo lina faida kuliko gari lenyewe.

4. Picha za kubandika. Gundi hupikwa nyumbani: koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi, bandika motoni, endelea kukoroga mpaka iwe kama uji mzito, kisha ipoe. Mtoto ararue magazeti ya zamani kwa vidole na kubandika vipande pamoja na majani makavu na manyoya ya kuku. Rangi ipatikane jikoni: manjano ya bizari, nyekundu ya kiazisukari, nyeusi ya mkaa.

5. Mbegu katika gilasi. Weka kitambaa kilicholowa ndani ya gilasi, na utie maharagwe mawili ya jikoni kati ya kitambaa na gilasi ili yaonekane. Kitambaa kisikauke. Baada ya siku chache mzizi utatokea kwanza ukielekea chini, kisha shina litafuata. Mahali pa baridi kama Limuru mtangoja zaidi kuliko watu wa Mombasa. Kila asubuhi mtoto aeleze ameona nini. Hapo anajifunza kuangalia, kusema na kungoja.

Wale tuliocheza mpira wa karatasi za nailoni tukumbuke kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Mpira mzuri hutengenezwa kwa matambara ndani ya soksi kuukuu, ukafungwa kwa kamba ya mkonge au ya mgomba.

Tahadhari. Maharagwe, shanga na vizibo visiachwe mahali anapotambaa mdogo wake, maana mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani na anaweza kupaliwa. Haragwe likiingia puani au sikioni, usilichokoe kwa pini wala kulimiminia maji, kwa kuwa litavimba. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Visu na moto ni kazi ya mtu mzima.

Pale ugomvi unapoingia

Sisi makatekista tukitembelea nyumba za Wakristo tunaona kwamba mambo manne huleta maneno kati ya mume na mke.

La kwanza ni uchafu. Baba anarudi amechoka, anakanyaga udongo mlangoni, anafoka. Au mama anafagia nyumba na kutupa gari la boksi pamoja na maganda ya ndizi. Dawa yake ni rahisi: wekeni katoni moja pembeni, iwe mahali pa kazi za mtoto, na mtoto mwenyewe afundishwe kurudisha vitu humo kabla ya chakula. Kitu kikichakaa, aulizwe kabla hakijatupwa.

La pili ni kumfanyia mtoto. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumiwa kote nchini Januari 2019, shule huwaomba wazazi washiriki na kupeleka vifaa. Wazazi wengine wamegeuka kuwa wanafunzi wenyewe. Usiku mtoto amelala, baba au mama yuko macho akitengeneza gari la kupendeza, na asubuhi mtoto analibeba kama lake. Mwalimu atasifu, majirani watasifu, lakini mtoto anajua si lake. Amefundishwa mambo mawili: kwamba kazi yake haitoshi, na kwamba kudanganya kunaruhusiwa kama wazazi wanajua. Hayo ni mabaya kuliko gari lililopinda.

La tatu ni dharau mbele ya mtoto. Baba anajaribu kukunja karatasi, inararuka, mama anacheka, "Mwache huyo, hajui mambo yako." Mume akisikia hivyo mara mbili, hataketi chini tena. Au mama amekaa na mtoto mchana kutwa, na baba anauliza, "Leo mmefanya nini zaidi ya kuchezea unga?" Maneno hayo yanamwumiza mke, na mtoto ameyasikia. Ndugu yangu, mwenzi wako akifanya jambo kwa namna tofauti na yako, nyamaza. Kama kuna hatari, sema kwa upole. Kama hakuna, mwache mtoto ajue kwamba kuna namna ya baba na kuna namna ya mama.

La nne ni fedha. Mmoja ananunua kitu cha betri cha bei kubwa ili kuonyesha upendo, na mwenzake anajua unga umekwisha. Kubalianeni mapema. Mtoto wa miaka minne hahesabu bei, bali hukumbuka ni nani aliyeketi naye.

Na baba aliye mbali?

Ziko familia nyingi ambazo baba anafanya kazi mjini na kufika nyumbani mwisho wa mwezi, au mama ndiye aliye mbali. Msiseme basi haiwezekani. Aliye mbali anaweza kukusanya vizibo na maboksi na kuvileta, na mtoto atangoje safari hiyo kwa furaha kuliko mkate. Akipiga simu, asiulize tu, "Umekuwa mtoto mzuri?" Aulize, "Lile haragwe limeota? Mzizi umefika wapi?" Ili aulize hivyo, ni lazima mwenzake awe amemweleza. Hapo ndipo utaona kwamba kazi ya mtoto inawapa mume na mke jambo la kuzungumza lisilo la karo wala deni.

Kama mtoto hushinda na yaya au na nyanya yake, mwonyesheni naye kazi hizi. Nyanya anajua mengi: vitendawili, kusuka kamba, mdoli wa maganda ya mahindi yaliyoloweshwa. Mwombeni afundishe. Lakini robo saa yenu ninyi wazazi msimkabidhi mtu mwingine.

Zoezi la juma hili

Mtoto akisha kulala, ketini wawili na kujibu maswali haya kwa utulivu. Kila mmoja aseme bila kukatizwa.

1. Katika siku saba zilizopita, nani kati yetu ameketi chini na mtoto? Mara ngapi?
2. Je, kuna neno nililolisema mbele ya mtoto ambalo lilikuvunja moyo?
3. Ni siku gani tatu tunazoweza kutenga robo saa? Nani ataongoza siku ipi?
4. Katoni ya kazi za mtoto itawekwa wapi?

Jumapili jioni, mwombeni mtoto awaonyeshe alichotengeneza. Kishikeni kwa mikono miwili kama kitu cha thamani, mkiulize maswali kabla ya kusifu. Kisha kiwekeni mahali ambapo mgeni akiingia atakiona.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.