Dondoo muhimu: Vumbi la saruji
Kule Athi River, kiwanda cha kusaga klinka ya saruji hudhibiti vumbi kwa kufunika mikanda, kuweka vichujio na kufagia njia ya malori. Mjengo wa Kibera au Kawangware hauna kichujio, kwa hivyo ni juu yako. Pasua mfuko ukiwa chini, usiumwage kutoka begani, na upepo uwe mgongoni. Leso mdomoni? Haitoshi.

Saruji mbichi huchoma. Ikiingia kwenye gambuti, vua hapo hapo uoshe mguu kwa maji mengi. Maji ya kusuuzia karai yatie kwenye mchanganyiko unaofuata, usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Kibera huishia Nairobi Dam.

Mwenye mjengo akipuuza vumbi hilo, peleka malalamiko NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya mazingira safi.