Baiskeli ya Umeme ya Mitumba: Pima Mota Kabla ya Kununua Betri

Somo letu la mara hii linatokana na ubishi katika kikundi kimoja cha akina mama wanaopeleka maziwa. Walitoa pesa za mzunguko wakanunua baiskeli ya umeme ya mitumba, nayo ikaletwa ikiwa imekufa kabisa. Mwenyekiti alitaka betri mpya inunuliwe siku hiyo hiyo. Mweka hazina akakataa kufungua sanduku. Mimi nilisimama na mweka hazina, maana betri mpya yaweza kushinda bei ya baiskeli yenyewe, na hakuna aliyejua kama mota iko hai.

Kwanza itambue. Tazama mota imewekwa wapi. Ikiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, fundi wetu wa jua kali anaweza kuishughulikia. Ikiwa pale kwenye pedali, fikiri mara mbili kabla ya kutoa hata shilingi, kwa sababu nyingi za aina hiyo hukataa betri isiyokuwa ya kampuni yao. Jua pia kwamba si zote zina aksileta. Yamaha wa Japani walipotoa baiskeli yao ya PAS mwaka 1993, mota ilisaidia mguu tu, wakati mtu anapopiga pedali. Mtu akikuambia baiskeli ya namna hiyo ni mbovu kwa sababu haiendi yenyewe, hajaielewa.

Breki, tairi, spoki na cheni zitengenezwe kabla ya kugusa waya. Baiskeli hii ni nzito, na ukiongeza mitungi ya maziwa mteremkoni, breki za kutu ni kaburi.

Sasa mota. Chomoa betri. Tafuta nyaya tatu nene zinazotoka kwenye kitovu, uzitenganishe na kontrola, yaani kile kisanduku ambacho ndicho akili ya baiskeli. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono kurudi nyuma. Kisha gusanisha nyaya mbili kati ya zile tatu, uzungushe tena. Likiwa gumu, la kukwamakwama, hiyo ni dalili njema: sumaku na koili zinafanya kazi. Jaribu kila jozi. Ikiwa gurudumu ni gumu hata nyaya zikiwa zimeachana, kuna shoti ndani ya mota. Ikiwa ni jepesi zikiachana lakini linakuwa gumu ukizirudisha kwenye kontrola, kontrola ndiyo imeungua, na hiyo ni nafuu kuliko mota.

Hapo ndipo unaazima betri. Soma volti zilizoandikwa kwenye kontrola. Kama ni 36, waombe vijana wa bodaboda betri tatu za pikipiki za volti 12, uziunge kwa mfululizo: chanya ya hii kwa hasi ya ile. Zikiwa zimejaa utapata karibu volti 38. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya mwekundu, karibu na betri. Usikosee nyekundu na nyeusi, maana kontrola haisamehi. Cheche ndogo wakati wa kuunganisha isikutishe. Gurudumu likiwa hewani, zungusha aksileta polepole, au pedali kama haina aksileta.

Isipozunguka, usikate tamaa bado. Kwenye mikono ya breki kuna swichi ndogo zinazokata mota ukishika breki. Zikiingia kutu, baiskeli hudhani umeshika breki mchana kutwa. Zichomoe ujaribu tena. Baiskeli ya akina mama hawa ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa huo huo, wala haukugharimu kitu. Kwenye aksileta, mara nyingi kuna nyaya tatu nyembamba: nyekundu huwa na volti 5 hivi, na ile ya tatu hupanda kutoka chini ya volti 1 hadi karibu 4 unapozungusha. Isipopanda, aksileta ni mbovu.

Halafu betri kuukuu. Kama ni za asidi, zichaji zijae, ziache zipumzike, kisha unganisha kila moja na balbu ya taa kubwa ya gari ya volti 12. Ile inayoshuka upesi chini ya volti 10.5 imekwisha. Usichanganye mpya na kuukuu, kwani kuukuu huziua mpya. Kama ni ya lithiamu na imevimba, imelowa, au imekaa miaka bila chaji, usiichaji kabisa. Fundi atakayekuambia atauruka ule ubao mdogo wa ulinzi ndani yake, mshukuru uondoke. Moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi, kwa hivyo hata betri nzima isichajiwe mlangoni wala mahali watoto wanapolala.

Betri za asidi zilizokufa zisipasuliwe nyumbani. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kama hizi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu. Zirudishe kwa muuza betri, na wengi hukupunguzia bei ya mpya.

Akina mama wale sasa wanajua mota ni nzima na betri mbili kati ya tatu zimekufa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ikichajiwa mara moja hula karibu nusu yuniti ya stima. Jadilini kikundini: mkiacha kulipa bodaboda, mtaokoa shilingi ngapi kwa juma? Betri tatu mpya zitarudisha pesa yake baada ya majuma mangapi? Na ni nani atakayeshika ufunguo?